Boti ya Anyambilile

Umeniuliza, Sekela, tulichaguaje chombo,
maana na wewe likizo yako ni Juni
na mwanao hasemi kingine ila Matema, Matema.
Ngoja nikuambie, ingawa sitaeleza vizuri.

Tuliteremka toka Tukuyu masikio yameziba.
Migomba ikapungua, ikaja mikakao, yakaja majoto.
Tulinagwe akavua sweta, kisha la pili,
mpunga ukatupisha hadi ziwani.
Na ile milima ya Livingstone imesimama wima
kama mtu aliyefika ukingoni akasita kuvua viatu.

Boti ya kwanza ilikuwa na viti arobaini
na spika kubwa kama jokofu.
Kijana akatutajia: soda moja moja, picha za bure,
ngoma ya asili dakika kumi na tano,
"mtaona kila kitu, na chakula cha mchana kitawakuta hapa."
Kila kitu! Mimi nauza maharage Uyole;
mtu akiniapia gunia halina hata kokoto
ndipo ninapozamisha mkono hadi kwapani.

Ya pili ilikuwa nzuri, sitasema uongo.
Turubai la buluu, injini mpya, bei ya kuongea.
Tulinagwe alishatoa pochi.

Huyu wa tatu hakuja kutuita.
Alikuwa akikumba maji botini kwa kopo la rangi,
boti ya mbao, watu wanne, wa tano akae kwa adabu.
Akatutazama kuanzia miguuni, akauliza:
"Mnajua kuogelea?"

Sekela, hakuna aliyekuwa ametuuliza hilo.
Pesa tuliulizwa, namba ya simu tuliulizwa, dini nusura.
Nikasema mimi kidogo, dada yangu hapana kabisa.
"Basi maboya mtavaa hapa hapa, si kule.
Miwani ya maji ninayo jozi tatu. Moja inavuja.
Hiyo nitavaa mimi."

Pochi ikarudi kifuani. Tukapanda.

Kwenye miamba akazima injini, akashika kafi.
Akatema mate ndani ya kioo, akasugua kwa kidole,
nikamkumbuka bibi alivyotutemea kifuani
asubuhi ya safari ndefu.
"Ni kwa ajili ya ukungu tu," akasema Anyambilile,
"bila mate utaona pumzi yako mwenyewe."

Nikaingiza uso.

Maji matamu, hayachomi jicho.
Samaki wa buluu ya sare za shule, mistari myeusi,
wanakwangua mwamba kama watoto kwenye ukoko.
Mmoja, mama, alipoona kivuli changu
akafungua kinywa, na vitoto vyote vikaingia
kama tunavyoanua maharage mvua ikituvamia.
Kinywa kikafungwa. Shavu likajaa.
Nikacheka ndani ya mrija, nikanywa ziwa.

Tulinagwe hakushuka. Alishika ukingo kwa mikono miwili,
na kila nilipoibuka akanihesabu: mmoja.

Ikombe hapakuwa na ngoma ya dakika kumi na tano.
Palikuwa na mama yake Anyambilile, udongo hadi viwikoni,
hana muda nasi, vyungu vinasubiri moto.
"Leteni nyasi," akasema. Tukabeba nyasi.
Baadaye tukaona chungu kinavyozungushwa
juu ya kigae cha chungu kilichokufa.
Tulinagwe akapewa jiwe la kulainishia,
akalainisha, akaharibu, wakacheka kwa Kikisi.
Maneno hayakutufikia. Kicheko kilitufikia chote.

Sasa usinielewe vibaya. Mvua ilitupiga tukirudi,
na chungu nilichonunua kilipata ufa stendi ya Kyela;
nimekiwekea vitunguu.
Boti kubwa ilitupita na muziki wake,
watu wakatupungia, wana furaha ya kweli kabisa.
Labda mwanao angependa spika.

Mimi ninalo hili tu: usiku wa tatu, Uyole,
baridi imebana dirisha, mablanketi mawili,
nililala ubavu, na sikio langu la kushoto
likatoa tone moja la maji ya uvuguvugu
likalowesha mto.
Sikulifuta.